Wimbo wa Lambert Hauchezwi

Victoire alikuwa na hasira tangu tumboni mwa mama yake. Mama mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na hakuwa mtu wa kusingizia. Kwao Uvira walimjua kwa hasira, na alipofika Johannesburg hapakupita muda nako wakamjua. Kila mtu alikuwa na ushauri wa kumpa, na ushauri wote ulikuwa mmoja: hasira hasara. Victoire alikuwa na jibu lake. Aliyetunga methali hiyo, alisema, bila shaka alikuwa amemkosea mtu na anaogopa kulipwa.

Kwa hiyo Jumamosi ile, mwaka 2018, Octave alipopiga makofi kusimamisha mazoezi ya kwaya, wanakwaya wote walitazama sakafu. Walijua nani anayesemeshwa, na walijua hatanyamaza.

Octave alikuwa rais wa kwaya, fundi cherehani kutoka Bukavu, mtu nadhifu ambaye hata shati la mazoezi alilipiga pasi. Kanisa lao lilikodi ukumbi Troyeville, mahali palipokuwa gereji zamani, na siku za joto harufu ya oili ilipanda kutoka kwenye saruji mpaka ikaingia katika nyimbo.

"Mama Victoire," alisema, "unachelewaka sana kuingia siku hizi."

"Sikuchelewa."

"Ngoma inaingia hapa." Akapiga goti lake. "Weye unaingia kule."

"Ngoma naisikia, Papa Octave. Nangoja ipite kwanza."

Mtu mmoja alicheka puani. Alikuwa Arnaud, kijana wa Kirundi aliyesoma chuo kule Braamfontein na kupiga kinanda siku za ibada. Octave alimtazama mpaka akaacha.

"Tuimbe ya kwetu," Octave akasema. "Ya kule ulikoitoa, uiache kule kule."

Kule alikotaja ni Japani. Na hapa lazima nieleze, maana wako watu mpaka leo wanasimulia habari hii kama kwamba Victoire alikuwa mwanamke mwenye majivuno aliyetaka kuimba Kizungu kanisani. Hakukuwa na Kizungu wala majivuno. Kulikuwa na Lambert.

Lambert alikuwa mdogo wake wa mwisho. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na stesheni ya Jeppe, na wateja wake wengi walikuwa wenyeji, watu waliomwita kwa jina na kumtania kwa Kizulu chake cha kuokoteza. Aprili 2015 watu walipoanza kuvunja maduka ya wageni, Lambert alimpigia dada yake simu mchana. "Yaya," alisema, maana kwao Uvira dada mkubwa ndivyo anavyoitwa, "weka chai, nakuja." Victoire akaweka chai. Lambert hakufika. Walimkuta njiani na begi la simu za watu mgongoni, wakampiga mpaka akafa, mchana kweupe, na wengine wakasimama pembeni wakirekodi. Huenda baadhi ya simu hizo walizorekodia aliwahi kuzitengeneza yeye. Victoire aliwaza jambo hilo kila siku, na kila siku lilimchoma upya.

Alichomwachia ni kadi ya muziki, ile ndogo ya kuchomekwa kwenye spika. Alikuwa amemjazia nyimbo za kusikiliza saluni, kule Joubert Park alikokuwa akisuka nywele. Humo ndani kulikuwa na rumba, kulikuwa na injili, na kulikuwa na nyimbo za mwanamke mmoja ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa kwa alama zisizosomeka. Lambert alizipata kwa mteja fulani na akazipenda kuliko zote. Alikuwa akizipiga na kuinua kidole. "Sikiliza huyu, yaya. Huyu haombi mtu amhurumie."

Arnaud ndiye aliyekuja kuzisoma alama zile kwa simu yake, baadaye sana. Mwimbaji aliitwa Natsue, Mjapani, mtu wa nyimbo za mapenzi. Lakini Victoire alishamjua kabla hajajua jina lake. Alimjua kama unavyomjua jirani kwa namna anavyopanda ngazi.

Nyuma ya sauti ya Natsue kulikuwa na kinanda laini, gitaa la besi lililotembea polepole kama nyimbo za zamani za Wamarekani weusi, na ngoma iliyopigwa kama mtu anafagia chumba ambamo mtoto amelala. Halafu ukasikia pumzi. Katika kwaya zetu pumzi ni siri, mwimbaji anaiba hewa haraka ili usijue kwamba naye ni mwanadamu. Natsue hakuiba. Alivuta pumzi, ukaisikia yote, ngoma ikapita, na baada ya ngoma kupita ndipo neno lilipokuja, limechelewa, limetulia, kama mtu anayeingia chumbani baada ya wote kukaa. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo. Pale ambapo mwimbaji wa kwetu angeipandisha na kuitetemesha mpaka akina mama wapunge vitambaa, yeye aliishusha. Mara moja tu, kuelekea mwisho, aliipandisha kwa nguvu zote, na ikapasuka. Wala hakurudia kurekodi ili aifiche. Aliiacha hivyo hivyo, imepasuka, akaendelea.

Victoire alijifunza yote hayo akiwa amesimama, vidole vikiwa kwenye nywele za watu. Aliimba chini kwa chini, bila kuelewa neno hata moja, na wateja wakasinzia. Alidhani ile ni huzuni. Alidhani kwamba Natsue alikuwa mwanamke mwenye huzuni nyingi na adabu nyingi.

Hapo ndipo wimbo wake mwenyewe ulipotoka. Haukuwa mrefu.

*Ulisema weka chai, nikaweka.*
*Ulisema nakuja, nikakaa.*
*Chai imefanya utando, Lambert,*
*na mlango nautazama bado.*

Akaupeleka kwenye kwaya. Kosa lilianzia hapo, ikiwa mnataka kutafuta kosa. Kwa kawaida ya kwaya zetu, anayeleta wimbo hauleti kama mtu anayeonyesha kitu chake, anauleta kama mchango wa harusi. Ukishautoa umeutoa. Kwaya itaukata, itaurefusha, itaupa mwimbishaji mwingine, na ukilalamika utaambiwa kwamba kipaji ni cha Mungu. Victoire aliijua kawaida hiyo. Yeye mwenyewe alishakata nyimbo za wenzake bila huruma. Lakini alikuwa mwimbishaji wa kwanza, na alidhani wa kwake hautaguswa, kwa sababu kila aliyekuwa pale alikuja kwenye matanga ya Lambert.

Wakaugusa. Wiki ya kwanza Octave alisema wimbo hauna Yesu ndani. Wiki iliyofuata Yesu akawa ameingia na Lambert ametoka. Sasa aliyesema "nakuja" alikuwa Bwana harusi wa kanisa, na chai ikawa taa yenye mafuta. Wiki ya tatu wakaongeza sebene mwishoni, ile sehemu ya gitaa kukimbia na watu kucheza, na Célestine, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akatunga hatua: mbili kushoto, mbili kulia, mkono juu, geuka.

"Mnacheza juu ya nini?" Victoire aliuliza siku hiyo.

"Juu ya ahadi," Célestine akajibu, akipangusa jasho.

Victoire aliuimba kama alivyoutunga, kwa maneno yake na kwa uchelewaji wake, kila Jumamosi, huku wenzake wakiimba mengine. Ilikuwa vita, na kwaya haikuweza kusonga mbele. Hivyo ndivyo walivyofika kwenye lile la ngoma iko hapa na wewe uko kule.

Siku hiyo baada ya mazoezi Célestine alikwenda kwa wazee wa kanisa. Alikuwa mtu wa karibu wa Victoire, walikaa jengo moja pale Joubert Park, walikopeshana chumvi. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliwaambia kwamba dada yule huamka na muziki wa kidunia wa Kijapani na kulala nao, na kwamba sauti anayoileta madhabahuni si yake. Mimi siamini kwamba alisema kwa ubaya. Nadhani alitaka tu kuimba nafasi ya kwanza, na watu wanaotaka kitu kimoja tu huwa hawaoni wamekanyaga nini.

Wazee walimwita Victoire Jumapili baada ya ibada, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya matairi. Aliyeongoza alikuwa Mzee Placide, mtu mpole sana. Alikuwa na upole ule unaokufanya utamani kuvunja kitu.

"Binti yangu," alisema, "hatukukuita kwa hukumu. Tunataka kuelewa. Huyu mwanamke unayemfuata katika uimbaji, ni mtu aliyeokoka?"

"Sijui, Mzee."

"Anayoyaimba, maana yake nini?"

"Sijui."

"Hujui." Placide aliwatazama wenzake. "Unaimba roho usiyoijua, mbele ya kusanyiko."

"Maneno ninayoimba kanisani ni ya Kiswahili, Mzee. Nimeyatunga mwenyewe. Yanamhusu mdogo wangu, ambaye ninyi mlimzika."

"Maneno ndiyo. Lakini namna."

"Namna ina dhambi gani?"

Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini Arnaud alikuwa amejiita mwenyewe kuwa shahidi wake. Alikuwa na moyo mzuri na elimu nyingi, na aliamini kwamba watu wakielezwa vizuri wataelewa.

"Wazee, franchement, kusema kweli, ni wimbo safi," alisema. "Nimetafuta tafsiri. Hakuna matusi, hakuna pombe. Mwanamke anasema na mwanamume aliyeondoka. Anamwambia, viatu vyako viko mlangoni bado, ufunguo umeuacha juu ya meza, mimi sitavigusa. Basi."

"Mwanamume huyo ni mume wake?" Placide akauliza.

Arnaud alifikiri kwa uaminifu. "Nadhani hapana, Mzee. Walikuwa wanaishi tu pamoja."

Husemwa kwamba mdomo huponza kichwa. Huu wa Arnaud uliponza kichwa cha mwenzake. Mzee mmoja aliguna, mwingine akafumba macho kana kwamba anaomba. Placide alishusha pumzi ndefu na kusema, kwa upole uleule, kwamba sasa wameelewa.

Wakamweka chini ya adabu. Kwa asiyejua, maana yake ni hii: huimbi, hushiriki meza ya Bwana, huombi kwa sauti, na unakaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango mpaka siku utakaposimama mbele ya wote useme nimekosea, nisameheni. Benchi hilo lilikuwa na watu wawili tayari, msichana aliyepata mimba na baba mmoja aliyepigana baa. Msichana alisogea kumpisha. Hakumuuliza amefanya nini, na Victoire alishukuru, maana angejibu vipi? Nimeimba baada ya ngoma?

Alikaa pale Jumapili baada ya Jumapili akiwa ameuma meno. Watu walidhani anatubu. Asiyekuwepo na lake halipo, na kutoka benchi lile aliona jinsi lake linavyokuwa halipo. Célestine alisimama mahali pake. Wimbo ukapigwa na sebene yake, ukapendwa. Watoto waliozaliwa hapa, ambao kwa kawaida hukaa ibada nzima wakinong'ona Kiingereza, waliinuka na kucheza. Akina mama wakapunga vitambaa. Mbili kushoto, mbili kulia, mkono juu, geuka. Victoire aliwatazama miguu. Kila mguu ulipogonga saruji aliona mwili wa Lambert pale chini, na hakuona hata mmoja aliyeruka kumkwepa.

Jumatatu alifungua saluni kabla ya mwenye chumba kuja, akachomeka kadi, akaongeza sauti. Natsue akavuta pumzi. Ngoma ikapita. Na Victoire, ambaye usiku mzima hakuwa amefungua taya, alilisikia neno lile la kwanza linavyotoka na akalitambua. Lilitoka kati ya meno. Haikuwa huzuni. Miaka mitatu amemsikiliza vibaya. Yule mwanamke alikuwa na hasira iliyomjaa mpaka hapa, na alikuwa akiishika kwa mikono miwili isimwagike, na ndiyo maana alichelewa, na ndiyo maana alishusha pale wengine wanapopandisha. Anayepiga kelele amekwisha kuimwaga yake. Huyu hakutaka kumwaga. Viatu viko mlangoni na sitavigusa: hayo si maneno ya mtu anayelia. Lambert alishasema, haombi mtu amhurumie, na dada mtu hakuwa amemwelewa. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaupiga wimbo ule tena na tena, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili ile alijisikia kwamba kuna mtu mwingine duniani mwenye hasira kama yake.

Octave alikuja saluni wiki hiyo, akiwa amevaa koti. Victoire alikuwa akimsuka mama mmoja wa Kizulu, nusu ya kichwa tayari.

"Tunaingia studio kurekodi," Octave alisema bila kuzunguka. "Célestine hafiki pale katikati. Amejaribu, inamkata. Wimbo unakutaka weye."

"Wimbo uliniacha benchi."

"Jumapili simama, useme nimekosea, neno moja tu. Wazee wako tayari. Mi nimesema nao. Kisha unaingia studio, unaongoza."

"Kwa maneno yapi?"

"Ya kwaya."

"Na namna?"

"Ya kwetu, Victoire. Donc, basi, tusirudi kule."

Victoire alivuta msuko, na mama kwenye kiti akasema "Hawu, dada, kichwa changu." Akaomba radhi, akalegeza.

"Papa Octave, Lambert alikukosea nini wewe mpaka umtoe kwenye wimbo wake?"

Octave hakukasirika. Alivuta kigoda akakaa, na kwa mara ya kwanza hakujali suruali yake kukunjika. "Sikia. Pale kanisani kila mtu iko na Lambert wake. Mwingine alimwacha kule nyumbani Fizi, mwingine alimwacha njiani, mwingine hapa hapa. Ukiimba vile unaimbaka, watu wanakaa nayo wiki nzima. Nani atakwenda kazi Jumatatu? Nani atasimama getini ya Mzungu analinda? Mi nawapa kitu ya kucheza, juu ya vile wamechoka kulia."

Hayo hayakuwa maneno ya mjinga, na Victoire alijua. Ndiyo maana yalimkasirisha zaidi. Mjinga angemsamehe.

"Hawajachoka kulia," alisema. "Hawajaanza. Mnawachezesha kabla hawajaanza, mwaka wa tatu huu. Waliomuua Lambert walirudi kazini Jumatatu. Sisi pia tukarudi kazini Jumatatu. Nani amekasirika, Papa Octave? Nionyeshe mmoja."

"Hasira haijengi."

"Sikuuliza kama inajenga."

Octave aliinuka, akapangusa koti. "Jumapili utasimama ao hutasimama?"

Victoire aliendelea kusuka. Alisuka msuko mzima kabla hajajibu, na Octave alingoja, kwa sababu alimhitaji.

"Nitasimama," akasema.

Octave alitabasamu, akamshika bega, akasema sharp, yaani sawa, dada yangu, Mungu akubariki. Alitoka akiwa mwepesi. Alikuwa amesikia kile alichokuja kusikia.

Jumapili ukumbi ulijaa, maana toba ya mtu mkubwa ni kitu cha kutazamwa. Victoire alivaa gauni jeusi ambalo hakuwa amelivaa tangu maziko. Placide alimwita mbele kwa sauti ya asali. Aliwakumbusha waumini kwamba mbinguni kuna furaha kubwa kwa mwenye dhambi mmoja atubuye, kisha akampa maikrofoni na kurudi hatua nyuma. Nyuma ya kinanda Arnaud alikuwa tayari, kwa sababu Octave alishampangia: akishasema nisameheni, ingia na sebene moja kwa moja. Célestine na wenzake walikuwa wamesimama mguu mmoja mbele.

Victoire alivuta pumzi, na spika zikaibeba mpaka mlangoni.

*Ulisema weka chai*, akaimba.

Watu walikuwa wamejiandaa kusikia neno jingine, lakini makofi ni mazoea. Makofi yalianza, ya furaha, yenye kujua njia. Hakuyafuata. Aliyaacha yapite, kisha akaweka *nikaweka* nyuma yake. Wakapiga tena, akaacha tena yapite. Baadhi walijaribu kupunguza mwendo wamfikie, wengine wakaharakisha, na makofi yakawa kama mvua inayokatika, huku machache, kule machache, mpaka mikono ikabaki hewani na watu wakaitazama wasijue waipeleke wapi. Octave alimwashiria Arnaud. Arnaud alikuwa ameiweka mikono yake mapajani.

*Ulisema nakuja, nikakaa.* Aliimba kama mtu anayeongea na mtu mmoja ndani ya chumba. Hakulia. Hakufumba macho kama waimbaji wafanyavyo, aliwatazama, safu kwa safu, na walioangaliwa walishusha nyuso. Alipofika kwenye *Lambert* hakutetemesha. Alilishusha jina chini, akaliweka pale kwenye saruji, palepale walipokuwa wakichezea, na mama mmoja safu ya mbele akarudisha miguu yake chini ya kiti.

Kisha akarudia mstari wa mlango, na hapo akapandisha. Alipandisha kwa yote aliyokuwa nayo, ya Aprili ile na ya benchi, na sauti ikapasuka katikati. Hakuirudia. Aliimalizia imepasuka vivyo hivyo, akashusha maikrofoni.

Lilisikika basi likipita nje. Msichana wa benchi la nyuma alikuwa amesimama, na hakuna aliyemwambia akae. Kwa muda mfupi, na mimi nilikuwepo, nilidhani kitu kitatokea. Nilidhani mtu atasema jina la wa kwake. Niliona baba mmoja, mlinzi, mtu mkubwa, midomo yake ikisogea.

Lakini Mzee Placide alikuwa na maikrofoni ya pili.

"Kanisa," alisema taratibu, na sauti yake ilikuwa imelowa machozi ya kweli, "tumesikia toba ya dada yetu. Kuna toba ya maneno na kuna toba ya moyo uliopondeka. Hii tumeiona. Je, tumsamehe?"

Nikasikia ukumbi mzima ukivuta pumzi, pumzi ya watu waliotolewa majini. Walikuwa wamepewa njia ya kutoka, na waliikimbilia.

"Tumemsamehe!"

"Tumemsamehe?"

"Tumemsamehe!"

Ngoma ikaingia. Makofi yakarudi, safari hii yakijua mahali pake. Célestine alikuja analia akamkumbatia. Octave alikuja akamkumbatia, akamnong'oneza kwamba vile vile, vile vile tutarekodi, ila tuongeze mwendo kidogo na tutoe jina. Wazee walimpa mkono mmoja mmoja. Vitambaa vikapungwa. Baba mlinzi naye alikuwa akipiga makofi, midomo imefungwa. Victoire alisimama katikati ya mikono yote hiyo bila kuishika. Alitazama jinsi walivyokuwa wakimmeza, kwa upendo, bila kutafuna, na hasira iliyompanda haikuwa tena ya Octave wala ya Célestine. Walikuwa wamechukua jambo la Lambert mara ya pili, na safari hii walikuwa wamemsamehe dada yake kwa kulisema.

Alingoja. Aliacha ngoma ipige mpaka ikachoka, makofi yaishe, watu waketi wakitengeneza nguo zao na kutabasamiana. Placide alinyoosha mkono apokee maikrofoni. Victoire hakumpa. Akaiinua.

"Mimi sijawasamehe ninyi," alisema, bila kupaza sauti.

Akaiweka maikrofoni juu ya kiti cha Octave, akachukua mkoba wake, akatoka.